Ukishakata mkanda, belo ni lako. Usimlipe huyo dalali

Dadangu, weka simu chini. Usimtumie huyo mtu hata shilingi. Nimesoma ulichoandika nikahisi tumbo linanikata, maana maneno aliyokwambia ndiyo yale yale niliyoambiwa mimi, mpaka lile la "usiliguse, huo ni ushahidi."

Kwa waliofika sasa hivi: mwenzetu anayeuza mitumba soko la Kongowea, Mombasa, kalipia belo, lile furushi la mitumba lililofungwa kwa mkanda, la magauni ya kike, kakata mkanda, kakuta mapazia. Aliyemuuzia hapokei simu. Katokea dalali mmoja anasema pesa zitarudi, ila atoe kwanza ya nauli na ya kuzungumza na watu wa stoo. Na hapo hapo dadangu anataka kukopa kwenye simu anunue belo jingine asije akakosa mauzo ya Ramadhani. Anauliza aanze na lipi.

Anza hivi: kaa chini utoe mapazia yote, moja moja, mpaka la chini kabisa. Leo. Kabla ya dalali, kabla ya mkopo, kabla ya kulia. Kulia utalia baadaye, nafasi ipo.

Langu mimi lilikuwa makoti.

Ilikuwa 2018, masika yanakaribia. Nimelipia belo la fulana za watoto, kilo 45, nusu ya pesa nimeitoa kwenye chama, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Tumekata mkanda, belo limefumuka, la kwanza kutoka ni koti. Koti la theluji! Lina kofia yenye manyoya, lina mifuko ndani ya mifuko, ukilivaa Mombasa saa saba mchana watu watakuitia ambulensi. Nikavuta la pili, koti. La tatu, koti. Nikaachia hapo hapo. Wenye vibanda vya jirani walicheka mpaka wakatafuta pa kukaa. Hadi leo kuna wanaoniita Mama Kanada, na mimi huitika, maana ukikataa jina Kongowea unapewa jingine baya zaidi.

Sasa sikiliza nilipopotea, maana hapa ndipo unapoelekea wewe. Kuletewa makoti haikuwa hasara kubwa. Hata kama ningeyauza kwa bei ya kutupa ningepata pa kuanzia. Hasara kubwa niliitengeneza mimi kwa mikono yangu, nikisaidiwa na bwana mmoja mwenye simu tatu na shati lililopigwa pasi, ambaye kila mtu bandarini ni shemeji yake.

Alinikuta nimeshika kichwa. Akanipa pole vizuri sana, nakiri, mpaka nikamwagizia chai. Kisha akasema: "Mama, haki haiozi. Lifunge hilo belo, lifiche, usiuze hata moja. Ukiuza moja tu umeshakubali, na ukikubali hupati kitu." Nami nilivyokuwa na hasira nikaona huyu ndiye mwanamume. Wengine wote walikuwa wananiambia lina kheri yake, subiri, Mungu yupo. Sikutaka kuambiwa lina kheri yake. Nilitaka pesa zangu.

Nikalifunga kwa kamba ya katani, nikakodi kijichumba Kisauni, nikalisukuma ukutani. Hapo ndipo yakaanza malipo. Ya nauli. Ya chakula cha mchana cha karani. Ya karani wa pili, kwa kuwa wa kwanza kaenda likizo. Ya kumwona mkubwa wao. Ya kumwona tena, kwa kuwa siku ile mkubwa hakuamka vizuri. Mimi mtu mzima, nina watoto, natuma pesa ili mtu aamke vizuri! Na kodi ya chumba juu yake, na deni la chama pale pale linanitazama kila Jumapili. Kibandani nimebaki na fagia tupu, zile nguo za mwisho ambazo hata mteja akizishika anapangusa mkono. Wateja wangu waliozoea kuja alfajiri kuchagua kamera, nguo za kwanza belo likifunguliwa, walikuja, wakaona hamna, wakahamia kwa wengine. Wengine hawakurudi mpaka leo.

Halafu mvua. Mnaikumbuka masika ya 2018, ile iliyofurika nchi nzima. Ukuta wa kile chumba ulikuwa unavuja na mimi sina habari, kwa sababu nimeambiwa nisiguse. Mwenye nyumba ana paka. Paka akaona belo, akaona pana joto, akazalia juu yake. Nikimpigia yule bwana kuuliza kesi imefika wapi, ananiambia ushahidi utunzwe. Nami namjibu ushahidi umezaa watoto wanne.

Niliyejifungia nje ya mali yangu nilikuwa mimi. Hili ndilo linaloniuma, si zile pesa za nauli.

Baada ya Idd mwenye chumba akasema anakitaka chumba chake, na kwa kuwa nilikuwa na deni la kodi hakuwa na haja ya kunibembeleza. Nikakuta belo uani, kamba imelegea, linanuka. Yule bwana hapokei simu yoyote kati ya zile tatu. Hapo, dadangu, ndipo nilipokubali. Na sikukubali kwa busara, msije mkanipa sifa. Nilikubali kwa sababu sikuwa na pa kulipeleka.

Nikatandika mkeka, nikaanza kutoa. Ya juu na ya ubavuni yaliyokuwa ya sufu yamelowa, yameota vidoadoa vyeusi, hayo nikayaweka kando ya kutupa. Nikaingia katikati. Katikati kulikuwa na ngozi. Makoti ya ngozi, dadangu, ya wanaume, ya kahawia na meusi, yale ambayo kijana akienda Nairobi anauza simu apate moja. Yana ukungu mweupe umeyafunika yote, unapangusa kwa kitambaa, chini yake ngozi inabanduka kwa vipande. Zipu zina kutu, hazipandi hazishuki. Nilikaa nalo moja mapajani nikalipangusa muda mrefu tu, nikijua haliponi. La kuvunda halina ubani. Kama ningefika katikati siku ile ile niliyokata mkanda, ningelipa chama na nikabakiwa na ya belo jipya. Nilikuwa nimeikalia pesa huku nikilipa watu waende kunitafutia pesa.

Ndiyo maana nakwambia toa mpaka la chini. Huwezi kujua umepata hasara gani mpaka uione yote.

Chini ya ngozi ndiko kulikokuwa na yale ya kitambaa cha nailoni, yasiyopitisha maji, yenye pamba ndani. Hayakuguswa na kitu. Nikayaosha, nikayaanika kwenye kamba pale uani, Julai hiyo, kusi inavuma. Kijana wa boda aliyekuwa anasubiri abiria nje akachungulia. "Mama, hilo la bluu bei gani?" Nikadhani ananifanyia mzaha na yeye. Akaingia, akalishusha likiwa bado lina unyevu, akalivaa kinyumenyume, mgongo mbele, mikono imepitishwa, akasimama anajitazama kifua. Mnawaona kila siku wanavyovaa na mlikuwa hamjiulizi, kama mimi. Mtu anayetoka Mtopanga saa kumi usiku kupeleka mfanyakazi wa hoteli, upepo unamkata kifuani, na mvua ya kusi haibishi hodi. Joto la saa saba mchana halimhusu, saa hiyo koti amelifunga kwenye kiti.

Akalipa, akaondoka. Kabla ya magharibi walikuwa wamekuja wenzake wa stendi nzima. Kisha turniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, anayelala Mariakani akanambia dereva wake anapanda na kontena mpaka Malaba, na pale Timboroa usiku baridi inaingia mpaka kwenye meno, nimletee mawili. Kisha walinzi wa Nyali. Kisha vijana wa vyumba vya barafu vya samaki. Mimi nimezaliwa mji huu na nilikuwa sijui kuna watu wengi hivyo wanaotetemeka ndani yake. Wote walikuwa wanapita mbele ya kibanda changu huku mimi nalia kuhusu fulana za watoto.

Siku hizi makoti naagiza mwenyewe, kwa hiari yangu, na muuzaji akinitumia kwa makosa fulana ndipo nanuna. 2020, serikali ilipopiga marufuku kuingiza mitumba kwa ajili ya korona, Machi mpaka Agosti, mabelo yakaadimika, mimi nilikuwa na makoti ya akiba na boda hawakuacha kubeba. Sikupanga. Nisingeweza hata kupanga.

Sasa msinielewe vibaya, maana najua mtakuja hapa chini kuandika "mama anasema tukubali kudhulumiwa." Aliyeniuzia belo lile sijamsamehe na sijarudi kwake, nikikutana naye njiani navuka barabara. Kukubali ninakosema ni kukubali kwamba vitu hivi sasa vimo mikononi mwako, basi. Wala si kila msiba una zawadi chini yake. Ile ngozi ilikufa, haina kheri yoyote, nisikudanganye. Lakini hata hiyo utaijua tu ukifika.

Na kama una risiti iliyoandika wazi "magauni", siku hizi kuna Mahakama ya Madai Madogo, sheria yake ni ya 2016, inasikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Huko utaenda na picha ulizopiga ukifungua belo, na huku biashara inaendelea. Lakini ngoja nikisie: risiti yako imeandikwa "nguo", ama huna kabisa. Yangu ilikuwa kipande cha boksi la sigara. Kwa hiyo huyo anayekwambia atakurudishia pesa bila karatasi anakula nini? Anakula wewe. Na wale wa redioni wa asubuhi wanaosema usikubali kamwe kilicho pungufu ya ulichotaka, hao wana mshahara mwisho wa mwezi, waache waseme. Wazee walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, mimi nikamsikiliza mtu mwenye simu tatu.

Halafu, dadangu, hebu tulia uangalie ulichonacho. Mapazia. Na Ramadhani hiyo inaingia. Nani Mombasa hii anataka kuupokea mfungo, seuze Idd, na mapazia ya mwaka jana? Wewe unataka kukopa ununue magauni, wakati kila mwenye kibanda mtaa mzima atakuwa na magauni. Umeletewa mlangoni kitu ambacho mwenyewe usingethubutu kukiagiza, na unataka kulipa mtu akiondoe!

Ukitoa, usikunje ovyo. Tandaza kwa rangi na kwa urefu. Pazia moja peke yake halina bei, likipata mwenzake bei inaruka, na mwenzake mara nyingi yuko chini kabisa, kwa hiyo usiuze hata moja kwa jirani anayekwambia "nipe hili tu la juu." Jirani huyo anajua. Yatakayobaki bila mwenza, kama ni marefu, ni mapazia ya mlango, mlango unataka moja tu. Mafupi mpelekee fundi cherehani akate foronya za mito ya makochi, mkubaliane mgawane, usimlipe mbele. Yale mepesi ya kupitisha mwanga yaoshe kando, yanashika rangi ya mengine. Yakiwa na harufu, anika kwenye upepo, usiyafungie ndani hata usiku mmoja, hilo nakuomba.

Mkopo wa simu achana nao mpaka uwe umetandaza yote. Ukimaliza kutandaza ukaona bado unauhitaji, njoo uniambie nitakuacha.

Mazito yenye bitana nyuma, yale yanayozuia jua kabisa, usiyaweke kibandani kwanza. Nipigie picha unitumie inboksi. Nina mama mmoja wa Bamburi ana vyumba vya wageni, amekuwa akiyatafuta, lakini anachukua kwa jozi tu na anapima mwenyewe kwa futi yake, kwa hiyo yahesabu vizuri kabla sijampigia.