Maswali ya Wasomaji: Kundi lipo, kanuni ipo, mgeni bado anapita

Swali: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ya wageni ina faiawoli ya pfSense (mlinzi wa mtandao anayeamua kipi kipite na kipi kizuiwe) yenye mitandao mitatu: ofisi 192.168.10.0/24, wageni 192.168.20.0/24 na kamera 192.168.30.0/24. Nimeunda kundi (alias) la NDANI lenye ofisi na kamera, nikaweka kanuni ya kuwazuia wageni wasilifikie. Hata hivyo mgeni aliye chumbani anachapisha kwenye printa ya mapokezi. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Nungwi*

Jibu: Waalaykum salaam. Kundi halizuii kitu; ni jina tu la orodha ya anwani. Kinachozuia ni kanuni, na pfSense huipima pale pakiti, yaani kipande cha data, inapoingia kwenye faiawoli. Pakiti ya mgeni huingilia upande wa WAGENI, basi kanuni ya kumzuia ikae kwenye ukurasa wa kanuni za WAGENI. Wengi huiweka OFISI kwa kuwa ndiko iliko mali inayolindwa, na huko haina kazi: pakiti imesharuhusiwa zamani.

Kama ukurasa ni huo, tazama mpangilio. Kanuni husomwa kutoka juu kwenda chini, na ya mwanzo inayolingana ndiyo inayoamua. Kwa wageni, juu kabisa ruhusu DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani), yaani poti 53 ya TCP na UDP, kwenda anwani ya faiawoli ya upande huo. Chini yake zuia kila kinachoelekea kwenye faiawoli yenyewe, wasije wakaufikia ukurasa wa usimamizi. Kisha zuia NDANI, na mwisho ruhusu kwengine kote. DHCP, inayogawa anwani kwa vifaa, usiihangaikie, pfSense huipitisha yenyewe. Ukiisahau ile ya DNS, simu zitapata anwani lakini hakuna tovuti itakayofunguka, na lawama atabebeshwa bure anayekuuzia intaneti.

Ingia pia kwenye Aliases ukague tarakimu iliyo baada ya mkwaju (/), inayoonesha upana wa mtandao. 192.168.10.0/32 ni anwani moja tu, si mtandao. Printa yenye 192.168.10.25 haimo. Sisi tungeliandika kundi hilo kwa upana zaidi: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Hapo mtandao wowote wa ndani utakaouongeza baadaye umeshalindwa.

Ukishabonyeza Apply, mawasiliano yaliyokwisha funguka huendelea kama kwamba hakuna kilichobadilika. Nenda Diagnostics, kisha States, uyafute. Fanya hivyo usiku, maana kila mtu atakatika kwa muda.

Na ikiwa bado anachapisha, angalia anwani ya simu yake. Ikianza na 192.168.10, waifai ya wageni imechomekwa upande wa ofisi, au VLAN (mgawanyo wa mitandao ndani ya swichi moja) kwenye swichi haikupangwa. Simu na printa zinazungumza bila ya kupita kwenye faiawoli kabisa. Ikiwa ni 192.168.0 au nyengine usiyoijua, kile kifaa cha waifai kinafanya kazi ya rauta na kinawaficha wageni nyuma ya anwani yake. Kizime urauta, kibaki kutoa waifai tu.

Swali: Maabara ya skuli yetu ilikuwa 192.168.40.0/26. Kompyuta zimeongezeka, nikaipanua kuwa /23. Sasa baadhi ya kompyuta zinafungua tovuti tulizozizuia kwa kanuni yenye kundi la anwani za maabara. Kwa nini?
*Mwalimu, Wete*

Jibu: Mwalimu, umepanua mtandao lakini kundi limebaki na /26, ambayo inaishia 192.168.40.63. Kompyuta yenye .64 na kuendelea imo maabara ila haimo kwenye kundi. Libadilishe liwe 192.168.40.0/23, au bora zaidi, kwenye kanuni chagua mtandao wa upande huo wenyewe kuwa chanzo. Huo hufuata upana wowote utakaouweka. Panua na safu ya DHCP. Kompyuta zilizoandikiwa anwani kwa mkono bado zina upana wa zamani, yaani maski ya 255.255.255.192, ziandikie 255.255.254.0.

Jambo moja la kuangalia: /23 hiyo inachukua 40 na 41 kwa pamoja, anwani 510 za kutumia. Kama ofisi ya mwalimu mkuu iko 192.168.41.0, ihamishe kwanza.