Maswali na majibu: Utabiri wa ushuru hupimwaje?

Swali: Wachumi hutabiri faida ya mikataba ya biashara kwa modeli, yaani hesabu zinazoiga uchumi. Nani hurudi kuangalia kama walipatia?

Jibu: Wachache mno, na hilo linanisikitisha. Mchumi Timothy Kehoe wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alirudi. Alichukua utabiri uliotolewa kabla ya NAFTA, mkataba wa Marekani, Kanada na Meksiko ulioanza Januari 1994, akaulinganisha na takwimu za miaka iliyofuata. Modeli mashuhuri zilikuwa zimekadiria ongezeko la biashara dogo kuliko lililotokea, na hata sekta zilizokua hazikuwa zile zilizotajwa. Katika kazi aliyofanya na mchumi mwenzake Kim Ruhl ilionekana kwamba bidhaa zilizokuwa haziuzwi nje, au zikiuzwa kidogo sana, ndizo zilizochangia sana ukuaji. Modeli inayozidisha biashara iliyopo hailioni hilo: sifuri ukiizidisha hubaki sifuri.

Swali: Je, si peso, sarafu ya Meksiko, iliyoporomoka Desemba 1994 ndiyo iliyovuruga hesabu?

Jibu: Ilivuruga, lakini peso ikishuka bidhaa zote za Meksiko huwa nafuu kwa wageni, haielezi kwa nini sekta moja ipae na nyingine ibaki chini. Mishtuko ya aina hii inaweza kuingizwa kwenye hesabu. Hispania ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1986, modeli ilikaribia ukweli zaidi ilipopewa pia anguko la bei ya mafuta na mavuno mabaya ya mwaka huo.

Swali: Ushuru ambao Marekani iliuongeza kwa bidhaa za nje mwaka 2018 ulimwangukia nani?

Jibu: Nadharia inasema nchi kubwa inaweza kumlazimisha muuzaji wa nje apunguze bei. Wachumi Mary Amiti, Stephen Redding na David Weinstein walikuta karibu mzigo wote umebebwa na wanunuzi wa Marekani. Kwenye chuma tu ndipo wauzaji wa nje walikuja kushusha bei baadaye. Bei za mashine za kufulia, zilizotozwa ushuru, zilipanda kwa takriban asilimia 12. Za kukaushia nguo, ambazo hazikutozwa ushuru huo, zilipanda pia, kwa kuwa wateja wengi huzinunua kwa pamoja.

Swali: Basi tuzitupe modeli?

Jibu: Hapana. Wizara ichapishe makadirio yake kabla ya kusaini mkataba, kisha iyapime hadharani baada ya miaka mitano, sekta kwa sekta. Mfanyakazi aliyepoteza kazi kwa sababu ya namba hizo ana haki ya kuona zilikosea wapi.