Boti inanuka yai bovu, mifuko ya balasti nisafisheje?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi naangalia boti ya bosi hapa Matema, ile ya kuvuta watu wakiwa wamesimama kwenye ubao. Ina mifuko mitatu ya maji ya balasti, yaani maji ya kuongezea boti uzito, miwili nyuma mmoja mbele. Tangu mvua za mwezi wa nne ukifungua masanduku ya chini ya viti inatoka harufu ya yai bovu mpaka wageni wanahama, alafu pampu ya kulia inavuta kwa shida. Nimemwagia sabuni ya unga na jiki, ikatulia siku mbili ikarudi. Nifanyeje?
Kijana wa boti, Matema

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na ndaga fijo (asante sana) kwa kuandika, maana wengi wenye hizi boti wanasubiri mpaka pampu ife ndo waulize.

Tatizo lako lipo kwenye yale maji yanayobaki. Pampu haimalizi maji yote hata siku moja, mfuko ukishapungua unalala, mdomo unajiziba wenyewe, chini kunabaki lita kadhaa na tope lake. Sasa fikiria mwezi wa nne huko Kyela, Kiwira, Mbaka na Lufilyo zote zinashusha udongo na majani ziwani, we unavuta hayo hayo maji unayaweka gizani kwenye mfuko uliofungwa kwenye joto. Majani na vijani vya majini vinakufa, bakteria wanavila, hewa ya oksijeni inaisha humo ndani, hapo ndo wanaanza wale bakteria wa kutoa gesi ya yai bovu. Ukimwaga jiki unaua walioko juu, tope lipo palepale, kwahiyo siku mbili wamerudi.

Kabla hujagusa chochote: zima swichi kuu ya betri, fungua kifuniko cha injini uache hewa ipite, kwasababu mvuke wa petroli ni mzito unakaa kwenye ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ndani ya boti, na cheche moja inatosha. Na vaa glavu ndefu na gambuti. Hili nalisema kwa moyo wote maana naona vijana wanaingiza mikono mitupu. Ziwa Nyasa lina kichocho, vile vijidudu vinavyotoka kwa konokono vinapenya kwenye ngozi yako nzima bila kidonda na vinaweza kuishi majini mpaka kama siku mbili, kwahiyo maji uliyovuta asubuhi ukayachota kwa mkono mchana ni sawa na kuogelea pale pale kwenye matete. Kama umekuwa ukifanya hivyo nenda kituo cha afya upime, dawa yake ipo, prazikwanteli, usisubiri ukojoe damu.

Haya kazi sasa. Toa boti majini, paki trela kwenye mteremko pua iwe juu, hewa ikishapita washa tena swichi, toa maji kwa pampu mpaka uisikie inabadilisha mlio alafu zima hapo hapo pampu na swichi. Nyingi za hizi pampu zina impela ya mpira, kile kigurudumu chenye majani kinachosukuma maji, inayolainishwa na maji yenyewe, ukiiacha izunguke kavu inaungua ndani ya muda mfupi sana, na nahisi hiyo ya kulia ishaanza kuchoka au imekula mchanga. Fungua kifuniko chake uangalie, kama majani ya impela yamekatika au yamepinda upande mmoja badilisha, na vile vipande vilivyokatika vitafute kwenye mpira wa maji maana vitaziba mbele huko. Safisha na chujio kama ipo.

Mifuko yenyewe ifungue kwenye viungio vyake uitoe kabisa nje, usijidanganye kuisafishia ndani ya sanduku. Anza kuikunja upande wa mbali na mdomo, unasukuma maji kuja kwenye tundu, utashangaa kinachotoka. Weka maji ya bomba au kisima, siyo ya ziwa, nusu mfuko, na sabuni ya maji ya vyombo kidogo, igeuzegeuze watu wawili, mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe. Mwisho siki nyeupe, lita moja kwa lita kumi za maji, iache saa moja hivi, suuza. Maji machafu yote mwaga kwenye nyasi mbali na ziwa.

Alafu kukausha, na hapa ndo watu wote wanaharibu, wanaosha vizuri wanarudisha kitu kibichi. Ining'inize kivulini midomo yote ikiwa wazi, jua kali linaharibu plastiki. Masanduku yenyewe yafute kwa sponji, kagua skrubu zilizojitokeza maana mfuko wa lita mia nne ukijaa ni kilo mia nne zinalalia hapo, ncha ndogo tu inatoboa. Kama kuna oili iliyotoka kwenye injini ifute kwa tambara, usiisukume na maji.

Na kuanzia sasa usijaze karibu na midomo ya mito wala kwenye maji ya magoti, toka mbele kwenye kina ndo uwashe pampu. Jioni toa yote, acha vifuniko wazi usiku.

SWALI: Tunataka kupeleka boti kutoka Matema mpaka bwawa la Mtera. Jamaa anasema tuache maji kidogo kwenye tenki za balasti ili pampu zisikauke njiani. Ni kweli?
Msomaji, Iringa

JIBU: Hapana kaka, msifanye hivyo kabisa. Pampu inaumia ikizunguka kavu, ikiwa imezimwa haidhuriki. Hayo maji kidogo ndo yanabeba konokono, mayai ya samaki na vipande vya magugu kutoka ziwa moja kwenda lingine. Ziwa Nyasa lina aina za samaki mamia ambazo hazipo kwingine popote duniani, Mtera nako wavuvi wanategemea walichonacho. Marekani walipata kome wa pundamilia kwenye Maziwa Makuu yao kupitia maji ya balasti ya meli, waligunduliwa 1988 na mpaka leo wanaziba mabomba. Sisi magugu maji ya Ziwa Victoria tuliyaona yalivyofanya.

Toeni kila tone, suuzeni na maji ya bomba, kagueni trela, nanga na kamba, kisha muache ikauke. Kule Marekani sehemu nyingi wanasema siku tano kavu. Ila msihesabu siku za Tukuyu au Uyole kwenye ukungu na baridi, hapo hakikauki kitu, shusheni mpaka Iringa mjini muiache wazi kabla ya kwenda bwawani. Tenki ngumu zisizotoka zinyonyeni kwa mpira mwembamba kupitia tundu la juu, alafu pulizieni feni.

SWALI: Nikichanganya siki na jiki si itasafisha zaidi?
Mama wa gesti, Kyela

JIBU: Usijaribu mama. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na kwenye sanduku dogo la boti kijana wako ataivuta yote mwenyewe. Jiki yenyewe inakausha mpira wa impela na ikimwagika ziwani inaua samaki wadogo. Tumia siki peke yake, na kama jiki ilishawekwa suuza mara nyingi na maji matupu kwanza.