Wakulima wanajua, ila wao wanaanzia mtoni

Mleta uzi, umeuliza kama wakulima wanaona uhusiano kati ya kukatwa kwa misitu na mabadiliko ya tabianchi, au hayo ni maneno ya semina tu. Mimi nauza waru (viazi) na kabeji soko la Marikiti, Nairobi, na mzigo wangu unatoka Kinangop, chini ya milima ya Aberdare, kwa hiyo nazungumza na wakulima kila wiki.

Wanaona, tena sana. Tofauti ni kwamba hawaanzii hewani, wanaanzia mtoni. Mzee mmoja ninayenunua kwake alinionyesha kijito kwenye mpaka wa shamba. Mikaratusi, miti inayokunywa maji mengi, imepandwa hadi ukingoni, yake na ya jirani, na kiangazi kikiingia yanabaki madimbwi. Kwake yeye msitu ndio unaovuta mvua. Umekatwa, mvua imehama.

Sehemu kubwa ya hayo ni kweli. Msitu wa mlimani hunasa ukungu, maji yakazama ardhini, mito ikayapokea polepole. Sisi wa Nairobi tungepaswa kulijua hilo kuliko wote, maana maji ya mabwawa yetu ya Ndakaini na Sasumua yanashuka kutoka huko huko Aberdare. Ila masika yakikosa, si miti ya Kinangop peke yake. Bahari ya Hindi ina mkono mkubwa. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano mfululizo ilikauka kaskazini na mashariki mwa Kenya, na 2024 masika yakaja na mafuriko hadi mtaa wa Mathare hapa Nairobi. Dunia inazidi kupata joto kwa gesi ambayo nyingi imetoka nchi za viwanda, na misitu inayochomwa inaongezea.

Vijana wa kule ndio wenye hasira, na mimi nawaelewa. Ukataji katika misitu ya umma ulipigwa marufuku 2018, halafu Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuuruhusu tena, huku wananchi wakihimizwa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Wanauliza: mbona lawama inaishia kwa mwenye panga na gunia la makaa?

Kwa hiyo ukienda kuongea nao, anza na chemchemi, hewa ya ukaa ije baadaye. Na ukigawa miche, peleka mwanzi na miti ya kienyeji ya ukingoni. Yule mzee yuko tayari kung'oa mikaratusi upande wake. Anachouliza ni karo itatoka wapi, kwa sababu alikuwa amepanga kuuza mikaratusi hiyo kama nguzo ili alipe karo.