Video, darasa au zamu: mpokea maziwa afundishwe wapi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia mafunzo kwenye ushirika wa maziwa. Wapokeaji wetu tuliwatumia video kwenye kundi la WhatsApp, kisha tukawaweka darasani siku nzima. Wote walifaulu mtihani. Lakini kiwandani bado yanafika maziwa yaliyotiwa maji, na wafugaji nao wanalalamika kuwa mazuri yanakataliwa. Tuongeze siku za darasa, au turudi kwenye mtindo wa zamani wa kumfuata mzoefu?
Msimamizi wa mafunzo, Njombe

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Darasa msiongeze. Kwa mzoefu nako msirudi kichwakichwa, maana mzoefu hufundisha pamoja na njia zake za mkato. Asiyepima joto atazaa wengine wasiopima joto.

Tuchukue laktomita, kile kifaa kinachoelea kwenye maziwa na kushuka kipimo yakitiwa maji. Ndani ya kazi hiyo moja mna mambo matatu, na kila moja lina mahali pake pa kufundishiwa.

La kwanza ni la kujua. Kama laktomita yenu imetengenezwa kwa maziwa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 26 na 32 hivi. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2, chini yake unapunguza. Hapo video fupi inatosha. Ila msiwaambie waitazame tena na tena, watumieni maswali. Leo: laktomita inasoma 25, joto nyuzi 26, unapokea? Ukirekebisha unapata 26.2, pokea. Baada ya siku mbili tatu: inasoma 27, joto 14, maziwa ya jioni yaliyolala kwenye baridi yenu ya Njombe. Hapo ni 25.8, yana shaka. Asiyerekebisha joto atakataa ya kwanza na kupokea ya pili, na hayo ndiyo malalamiko yenu yote mawili. Kuhusu maswali sibahatishi: mwaka 2006 watafiti wa saikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kuwa wanafunzi waliojipima walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliosoma tena.

La pili ni la mkono: kukoroga bila kutoa povu, kujaza silinda, kuiacha laktomita ielee bila kugusa ukuta, kusoma jicho likiwa usawa wa maziwa. Hili halina darasa. Ni mapokezi, alfajiri, wafugaji wakiwa foleni. Tumieni hatua nne ambazo Marekani ilifundishia mamilioni ya wafanyakazi wa viwandani wakati wa Vita Kuu ya Pili: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, afanye mwenyewe huku akieleza anachofanya na kwa nini, kisha mfuatilie. Wengi wetu huishia kuonyesha. Hatua ya tatu ndiyo inayofichua, kwa sababu mtu anaweza kuiga mkono wako vizuri sana bila kujua kwa nini anasubiri povu litulie.

La tatu ni uamuzi, na hapa ndipo darasa lina faida. Nusu siku, igizo: dumu la mjumbe wa bodi limesoma 24, naye amesimama mbele yako. Unasema nini? Au maziwa yaliyoenguliwa krimu, kipimo kikapanda, kisha yakatiwa maji, kikashuka, yakasoma 29 safi kabisa; laktomita peke yake haiwezi kuyakamata, kwa hiyo ni lini upeleke sampuli ikapimwe mafuta? Mambo haya watu huyajua kwa kubishana wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo video na maswali vitangulie, mapokezi yafuate, na darasa lije mwisho, watu wakiwa na visa vyao mkononi. Ninyi mlimaliza na mtihani wa karatasi, ambao haumwoni mtu akishika silinda. Mtihani uwe huu: apime sampuli ambazo wewe umezitia maji kwa siri.

Bajeti msiimalizie kwenye video. Simu ya kawaida inarekodi vya kutosha. Fedha iende kwa msimamizi wa zamu atakayefuatilia. Mpunguzieni kazi nyingine wiki hizo, la sivyo atasaini fomu za ufuatiliaji zote Ijumaa jioni kwa mkupuo mmoja.