Injini ya Boti ya Rimoti Huchaguliwa kwa Kupima Bodi

Juzi kijana mmoja wa Tanga aliniandikia kuuliza ni wapi atapata injini ya petroli ya sisi 26 (cc, yaani ujazo wa silinda) kwa ajili ya boti yake ya rimoti yenye urefu wa sentimita 70. Hakuuliza kama itafaa; alikwisha kuisikia ikinguruma kwenye video, na shauri likaishia hapo.

Injini hiyo, ambayo asili yake ni mashine za kukatia nyasi, ina uzito wa kilo 2 hivi kabla hujaongeza tangi na mafuta, na mahali pake ni boti zinazozidi mita 1. Ukiipachika kwenye bodi ya sentimita 70, tezi itazama na omo itaelekea juu. Zile ndogo za methanoli ni nyepesi, ila mafuta yake yaliyochanganywa na nitromethani hayauzwi petroli stesheni.

Nilipoipeleka boti yangu ya umeme kwenye kreki ya Tudor, hapa Mombasa, wenzangu wa petroli waliiita blenda. Jina hilo linaniuma mpaka leo, wala sioni haya kulisema. Jumamosi iliyopita blenda ilikuwa ikizunguka maboya kwa raha zake huku mwenzangu mmoja, mkubwa wa kucheka, akivuta kamba ya kuwashia injini iliyogoma, jasho likimtiririka. Nilimpa pole, na moyoni nilifurahi.

Kwa hiyo, mwanangu, pima bodi kwanza. Kwa sentimita 70 chukua mota ya umeme isiyo na brashi (brushless), ya kupozwa kwa maji, yenye kipenyo cha milimita 36. Namba ya Kv iliyoandikwa juu yake ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti 1 ikiwa haijabeba mzigo: mota ya Kv 2,000 kwa betri ya lithiamu ya seli 4, yaani volti 14.8, hutoa mizunguko 29,600, na hiyo inatosha. Ukiifunga mota hiyohiyo kwa seli 6 utafika 44,400, na utakachopata ni joto. Kwa seli 6 tafuta Kv 1,400 hivi. Vijana wengi hukimbilia namba kubwa kwa sababu ya sifa, kisha huunguza vidhibiti mwendo na kumlaumu muuzaji.

Boti ikiwa majini, tazama tundu la ubavuni: maji ya kupozea yasipochuruzika humo, irudishe upesi. Ikifika ufukoni, gusa mota. Ikiwa kidole hakivumilii, punguza ukubwa wa propela kabla ya kufikiria mota nyingine. Kisha pitisha maji baridi, yasiyo na chumvi, kwenye mipira yote ya kupozea na utie grisi kwenye shafti jioni hiyohiyo, kwa maana chumvi ya kreki haisubiri kesho.

Nitumie urefu, upana na uzito wa bodi yako ikiwa tupu, pamoja na idadi ya seli ulizo nazo. Habari za petroli tutazizungumza utakapounda boti ya mita 1 na nusu.