Donda ndugu la mguu: vibandiko vya bei, mbona haliponi?

SWALI: Mama yangu ana miaka 58. Ana kidonda upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo, miezi minane sasa, na mguu huvimba jioni. Tumeuziwa vibandiko vya hidrokoloidi kwa bei kubwa. Kila asubuhi tunabandua, tunasafisha kwa spiriti, tunabandika kingine. Chini yake tunakuta ute wa njano unaonuka. Je, kidonda kinaoza? Msomaji, Arua

JIBU: Pole kwa kuuguza, ndugu yetu. Mara nyingi ute huo si usaha. Hidrokoloidi hunywa majimaji ya kidonda ikageuka ute mzito wenye harufu. Uosheni kwanza, ndipo mtazame: mkikuta nyama nyekundu yenye unyevu, kidonda kinajijenga. Hatari ni wekundu na joto vinavyoenea kwenye ngozi ya pembeni, maumivu yanayozidi, au homa. Hapo toeni kibandiko, mkamwone mhudumu wa afya siku hiyo hiyo.

Kinachowarudisha nyuma ni spiriti na kule kubandua kila siku. Spiriti huunguza nyama changa. Kila mkibandua, mnang'oa ngozi mpya. Osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko cha chai cha chumvi kilichosawazishwa. Kausheni ngozi ya pembeni tu. Pasheni kibandiko joto kati ya viganja, kizidi kidonda kwa sm 2 hadi 3 kila upande, kisha mkandamize kuanzia katikati. Kikae siku 3 hadi 7. Badilisheni ute unapotuna na kukaribia ukingo.

Kibandiko kikivuja kila siku, hakifai kidonda hicho. Ngozi ya pembeni italowa, itakuwa nyeupe, na kidonda kitapanuka. Ombeni kibandiko cha sponji, au aljineti inayotengenezwa kwa mwani, maana hivyo hunywa maji mengi. Fedha zikipungua, shashi yenye parafini chini ya shashi safi inatosha. Shashi kavu peke yake hugandia nyama. Unga wa kapsuli za antibiotiki msinyunyizie kabisa.

Hata hivyo, kwa mahali kilipo na uvimbe huo, tunashuku mishipa inayorudisha damu moyoni. Ikiwa ndivyo, tiba kubwa ni bandeji ya kukaza. Kibandiko ni msaidizi tu. Ni heri kibandiko cha bei nafuu chini ya bandeji iliyofungwa vizuri kuliko cha ghali bila bandeji. Ila msijifungie wenyewe. Kwanza apimwe damu inayofika mguuni: shinikizo la kifundo likigawanywa kwa la mkono, jibu liwe angalau 0.8. Mguu baridi, au unaouma usiku akiunyanyua, haukazwi. Mwenye kisukari apimwe kwa uangalifu zaidi.

Muuguzi hufunga asubuhi kabla mguu haujavimba, kuanzia mzizi wa vidole hadi chini ya goti, kisigino kikiwa ndani, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Vidole vikigeuka bluu au vikifa ganzi, fungueni mara moja. Akiketi, ainue miguu.

Chukueni nailoni safi, mchore ukingo wa kidonda kila wiki. Baada ya wiki 4 za kukaza kisipopungua waziwazi, au kingo zikiinuka na kuwa ngumu, nendeni hospitali ya rufaa Arua mkaombe kipande cha nyama kipimwe. Vidonda vya muda mrefu huweza kugeuka saratani. Wampime pia sukari na selimundu, na wachunguze kidonda cha Buruli, ugonjwa uliopewa jina la eneo la hapa hapa Uganda, nao hutibiwa kwa antibiotiki zake maalumu.